Bwana Ormerod Avuka Safu ya Viti Mbele ya Fuko Rubani

Njoni, enyi mpendao habari za vita na mashujaa, sogeeni mkae, zimeni simu zenu, mwatulize watoto, kwa maana nataka kuwasimulia kishindo kilichotokea Accrington, kaskazini ya Uingereza, Jumanne moja ya manyunyu, ndani ya ukumbi wa sinema uitwao Majestic, ambao jina lake ni kubwa kuliko choo chake. Wengine watawapa ngome zilizovunjwa na farasi waliooga damu. Mimi nitawapa mtu mzima aliyeinuka kitini. Wala sikuhadithiwa: nilikuwapo, kiti cha mwisho wa safu, na kisigino cha shujaa kilitua juu ya kidole changu cha mguu kikaacha ukucha mweusi, nao ndio muhuri wa ushahidi wangu.

Kwanza jueni zama zenyewe. Ulikuwa mwaka wa Fuko Rubani. Kila mwaka unapokaribia kwisha, watu wa nchi hii hutangaziwa filamu zilizovuna fedha kuliko zote katika kumbi zao, nao hulisoma tangazo hilo kwa huzuni kama wasomao habari za msiba. Juu kabisa, mwaka huo, alikalia kiti cha enzi Fuko Rubani, sehemu ya nne, katuni ya fuko mnene, yule mnyama achimbaye chini ya ardhi, arushaye ndege ilhali haoni, na aimbaye kila anapoanguka. Chini yake walijipanga wanaume wa misuli katika nguo za kubana, wakibomoa miji isiyo yao. Chini ya hao, fuko yuleyule, sehemu ya tatu, aliyerudishwa kumbini ili atukumbushe wa nne.

Sasa muulize mwenyeji yeyote, dereva wa basi, mwalimu, kasisi, muuza samaki na chipsi, kama alikwenda kumtazama. "Mimi? Ule upuuzi? Labda niliwapeleka wajukuu." Taifa zima halikwenda, na tiketi zimekwisha tangu asubuhi! Nimeishi na watu hawa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijaona waongo wenye adabu namna hii. Mimi nilikwenda, na wala sina mjukuu.

Katika taifa hilo alisimama mmoja ambaye kweli hakuwa amekwenda, na hakumwacha mtu yeyote asahau jambo hilo. Ndiye Wilfred Ormerod, mwana wa Ormerod fundi saa, mkaguzi mstaafu wa mizani za masoko, Ngao ya Jumanne, Mchukia Bisi, mwasisi na mwenyekiti wa Chama cha Filamu Bora cha Accrington. Kila Jumanne chama hicho kilikodi ukumbi mkubwa wa Majestic kikatazama filamu kutoka nchi za theluji, ambamo mtu hutazama dirisha kwa muda mrefu, kisha dirisha nalo likamtazama yeye. Ormerod alikuwa ameapa, mkono kifuani, mbele ya wanachama na sahani ya biskuti, kwamba hata peni moja ya fedha yake haitaingia tumboni mwa fuko maadamu yu hai.

Lakini shujaa huyu aliyekuwa na maneno ya kumtosha kila fuko hakuwa na hata neno moja la kumpa Maureen Haslam. Maureen ni mjane mwenye duka la nyuzi za kufumia. Kwa miaka na mikaka aliketi kando ya Ormerod kila Jumanne, na kila filamu ilipokwisha Ormerod alimsindikiza hadi kituo cha basi, akakohoa, akatazama mawingu, akasema, "Nadhani itanyesha," akaenda zake. Mji mzima ulijua anachotaka kusema. Hata madereva wa basi walijua, nao walikuwa wakiondoa basi polepole kumpa nafasi.

Jumamosi iliyotangulia vita niliwasikia sokoni, mbele ya meza ya mikate ya nyama.

"Wilf," alisema Maureen, "Cyril Entwistle amenialika Whitby, kule pwani, kwenye ile nyumba yake ya magurudumu. Kiangazi chote."

Ormerod akageuzageuza mkate wake. "Whitby kuna upepo."

"Ndicho ulicho nacho? Upepo?"

"Jumanne tunaonyesha ya Hungaria. Kuna mchimba kisima."

Maureen akapandisha mkoba begani. "Haya. Jumanne nitakuja. Ukiwa na la kusema, njoo nalo. Kwa sababu Jumatano asubuhi nampigia Cyril, na mimi si msichana, Wilf, siwezi kukaa nikingoja hali ya hewa."

Basi ikafika Jumanne. Shujaa alivaa vazi la vita, yaani koti la mvua na tai iliyopigwa pasi mara mbili, na kwa ajili ya hiyo tai akachelewa. Hakujua kwamba Fuko alikuwa ameuvamia ufalme wake. Umati wa kumtazama yule mnyama ulikuwa umefurika hata meneja wa Majestic akakihamishia chama kile katika ukumbi mdogo karibu na vyoo, akabandika tangazo mlangoni kwa herufi ambazo hata fuko angezisoma. Ormerod hakulisoma. Mtu aliyemiliki ukumbi kwa muda wote ule hasomi mlango, kama vile wewe usivyosoma mlango wa chumba chako cha kulala. Akaingia gizani kifua mbele.

Na aliona nini? Ukumbi umejaa! Viti vilivyozoea kukaliwa na makoti vilikuwa na watu, wazee kwa watoto. Nilimwona akisimama katika mwanga wa matangazo, gari, benki, bima, gari tena, na uso wake ukalainika kwa furaha. Niliyafahamu mawazo yake kana kwamba ameyatamka: hatimaye umma umeelimika, hatimaye Accrington imekuja kumwona mchimba kisima. Akapita mbele yetu sote kwa samahani nyingi, akakaa katikati ya safu kwenye kiti pekee kilichobaki katika safu yetu, akaangaza huku na huku kumtafuta Maureen asimwone, akafumbata mikono kwa heshima. Nilitaka kumwambia. Nawaapia, nilitaka, ila nilikuwa na uchu wa kuona.

Ngoma zikalia. Ndege ikachomoza mawinguni. Fuko akatoa kichwa dirishani, akaimba, akaanguka juu ya kiwanda cha jibini. Watoto wakapiga mayowe.

Ormerod akawa kama mtu aliyekalia maji.

Ninyi mnaonisikiliza mtasema, si ainuke aende? Kwetu mtu angesema "nipisheni", akapita, yakaisha. Lakini hamwajui hawa. Nimemwona mwenyeji mmoja hotelini akiinywa supu ya mtu mwingine mpaka mwisho, tena supu ya samaki na yeye hali samaki, ili asimsumbue mhudumu. Kumsimamisha mgeni aliyekwisha kaa ni kosa ambalo kwao halina kafara. Na kati ya Ormerod na njia palikuwa na ukuta wa magoti: magoti ya Gaynor Shuttleworth mwenye ndoo ya bisi, magoti ya mumewe Norris aliyekuwa amevua viatu, magoti ya mama mwenye pacha waliolala, na magoti yangu.

Basi akakaa. Fuko akaanguka juu ya harusi, akakaa. Fuko akaanguka ndani ya kengele ya kanisa, akakaa, jasho likimtiririka ndani ya tai. Upande wa pili wa ukuta wa ukumbi, aliwaza sasa alipotambua kuwa chama kimehamishwa, Maureen amekaa peke yake na Mhungaria na koleo lake, akitazama mlango. Na mbali kidogo, mbele ya nyumba yake, Cyril Entwistle anang'arisha magurudumu. Niliona mikono ikishika mikono ya kiti. Kisha, enyi wasikilizaji, Ormerod akainuka.

"Choo, mpenzi?" akauliza Gaynor. "Ungekwenda kabla."

"Samahani sana. Samahani. Naomba radhi."

"Kaa chini wewe!" ikatoka sauti ya nyuma. "Kichwa chako kinamziba fuko!"

"Afadhali kichwa chake," akasema Norris, akipapasa viatu gizani. "Babu, unakanyaga soksi yangu. Toka upande huu. Siyo huo. Huu!"

Bisi zikamwagika kama mvua ya mawe. Pacha mmoja akaamka akamwamsha mwenzake, wakalia kwa zamu. Shujaa akaendelea mbele, akiomba radhi kwa kila goti, akimwomba radhi hata mkoba wa mtu, hata kiti kitupu ambacho pacha walikuwa wamekiacha kwa kumpanda mama yao. Akanifikia mimi. Nikasimama. Akasema samahani kabla ya kunikanyaga, akanikanyaga, akasema tena. Kisha akasimama kwenye njia, huru, tai begani, na badala ya kukimbia kama mtu mwenye akili, akageuka kutuhutubia, kwa kuwa mwenyekiti ni mwenyekiti hata motoni.

"Mabibi na mabwana," akanena, na kivuli chake kikapanda juu ya skrini kikamfunika Fuko mzima na ndege yake. "Sipendi mnielewe vibaya. Mimi sikuja kwa ajili ya kiumbe huyu. Nimeletwa humu na kosa, na kwa kosa hilo nimetazama mambo ambayo mtu mzima hapaswi kuyatazama. Historia itaniwia radhi. Mimi ni mwenyekiti wa..."

"Unataka tukulipie teksi?" akauliza Norris.

"Wilf!"

Sauti ilitoka mbele yetu, safu chache chini, katikati kabisa. Ormerod akaligeukia giza. Aliijua sauti ile kuliko alivyojua jina lake.

"Wilf Ormerod, keti basi! Ndiyo kwanza anatua!"

"Maureen?" Mikono ya hotuba ikashuka. "Wewe? Humu?"

"Nilisoma mlango, mimi. Nimekwenda kule ukumbi mdogo. Nimekaa na yule mchimbaji hata chai yangu ikapoa. Hukuja."

"Nilikuwa humu."

"Ningejuaje? Nikasema moyoni, huyu amekimbia. Nikaona kama ni kuachwa, bora niachwe nikicheka." Mkono wake ulikuwa na aiskrimu, na sauti yake ilikuwa inatikisika, na ukumbi mzima ulikuwa umeacha kumtazama fuko. "Nimechoka, Wilf. Kila Jumanne watu wasiosema kitu kwenye skrini, halafu wewe kituoni. Angalau huyu mnyama anaimba."

Nitawaambia ukweli: mpaka hapo nilikuwa nacheka. Hapo nikaacha.

Ormerod akaitazama safu ile. Ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, imejaa pomoni, na kando ya Maureen palikuwa na kiti kimoja tu kilichokaliwa na koti lake la kijani. Mtu huyu alikuwa amevuka ukuta wa magoti mara moja na ilimchukua umri wake wote kupata ushujaa huo. Mlango wa kutokea ulikuwa mgongoni pake, uko wazi, una taa. Nje kulikuwa na mawingu ya kutosha kutazama.

Akainama kwa mtu wa kwanza wa safu. "Samahani," akasema. "Napita tena."

Wakasimama. Wakaguna wakiwa wamefunga midomo, maana huko ndiko kufoka kwao, lakini walisimama, mmoja baada ya mwingine, mpaka Ormerod akafika mbele ya lile koti la kijani, akawa anamziba fuko kwa nusu ya Accrington.

"Usiende Whitby," akasema.

"Sikusikii, kelele."

"Usiende Whitby!" Alipaza sauti wakati uleule wimbo ulipokoma, basi neno likapiga dari likarudi. "Usiende na Cyril! Nakutaka ukae hapa! Na mimi! Ndilo nililokuwa nalo!"

Hata pacha walinyamaza.

"Whitby kuna upepo, mpenzi," akasema Gaynor, mdomo umejaa bisi. "Msikilize."

"Hicho kiti," akasema Ormerod, sauti ikiwa imebaki ndogo, "kina mtu?"

Maureen akamwacha asimame. Alimwacha kwa muda mrefu, na ilikuwa haki yake. Kisha akalivuta koti akaliweka mapajani, na Wilfred Ormerod akaketi, na nyuma yetu mtu mmoja akapiga makofi, akaona haya, akaacha.

Peni yake haikumtajirisha fuko, maana tiketi yake ilikuwa ya mchimba kisima. Kwa jambo hilo wapigania sanaa na wajivune wapendavyo. Ila katika nusu ya pili ya filamu, Fuko alipoketi juu ya chungu cha maharage na kutoa mlio ambao sitautaja mbele yenu, palizuka ukumbini kicheko kikubwa kuliko vyote, kicheko cha mtu aliyekiweka akiba muda mrefu, na kilipanda kikashuka kikapanda tena baada ya sisi wengine kumaliza, hata Maureen akamgusa mkono kwa kijiko cha aiskrimu.

"Nyamaza, Wilf," akasema. "Watu wanatazama."

Waandike basi waandishi wa nyakati, wakimaliza wafalme na vita vyao, kwamba katika mwaka ule ambao Waingereza walimpa fuko fedha kuliko walivyompa mtu yeyote, Ormerod wa Accrington aliambiwa anyamaze. Na akakataa.