Mapigo ya Moyo Benchini

Jumatatu, 4 Machi
Somo jipya: kuboresha huduma. Madaktari wote wa mafunzo tumejazwa ukumbini. Mwalimu kasema kila mmoja achague kero moja ya hospitali, ajaribu badiliko dogo, apime, arekebishe, ajaribu tena. Atakayeshindwa anarudia miezi mitatu. Miezi mitatu! Na mama wa mchumba wangu ameshatamka: hakuna harusi mpaka nimalize mafunzo. Yaani ndoa yangu imo mfukoni mwa mwalimu huyu, pamoja na kalamu zake.

Nimechagua foleni ya wagonjwa wa nje. Kero kubwa, italeta sifa. Mwenzangu, tunayemwita Kiranja, kachagua sabuni. Sabuni! Nimemhurumia kwa sauti ya kutosha kusikika.

Jumanne, 5 Machi
Karatasi yangu imerudishwa. Mwalimu anasema "foleni ipungue" si kipimo, nieleze muda unaanza kuhesabiwa lini na unaisha lini. Nikaandika: unaanza mgonjwa anapokaa benchini, unaisha daktari anapomgusa. Akasema sawa, ila kwanza nikae na wauguzi na wagonjwa niwasikilize. Nimeitikia kwa adabu zote. Sikukaa. Tangu lini daktari akaomba ushauri benchini?

Nimepima. Wastani, saa mbili na nusu. Aibu tupu.

Jumatano, 6 Machi
Wazo limenijia nikipiga mswaki. Kugusa! Hakuna aliyesema kutibu.

Nimesimama kando ya benchi asubuhi nzima. Mgonjwa akikaa tu, namshika mkono, nahesabu mapigo, natikisa kichwa kwa uzito wa kitaalamu, nahamia kwa jirani yake. Wastani, dakika mbili! Muuguzi mkuu kaniuliza nafanya nini. Nikamwambia sayansi. Akaguna, akaenda zake.

Kiranja kahamisha sabuni kutoka mwisho wa wodi, kaiweka mlangoni. Basi. Eti sasa watu wananawa. Bahati tu hiyo.

Alhamisi, 7 Machi
Maajabu. Saa nne benchi tupu! Daktari wa zamu anapiga miayo, hana wa kumtibu. Nimeongeza mstari kwenye ripoti: foleni imefutwa.

Mama mkwe wangu mtarajiwa naye alikuja kupima presha. Nikamwamkia, nikamshika mkono, nikatikisa kichwa. Akaondoka haraka, macho chini. Nadhani heshima ilimzidi. Nimefurahi sana leo.

Ijumaa, 8 Machi
Kumbe! Watu walidhani ndiyo matibabu yenyewe. Daktari kashika mkono, kamaliza, wakarudi nyumbani na homa zao. Leo wamerudi wote, wa leo nao wamo, foleni imefika getini.

Mama mkwe kaletwa na mchumba wangu, ana kizunguzungu, presha iko juu. Mama kamweleza muuguzi mkuu kwamba alivyoona mkwe wake anatikisa kichwa vile, alijua yeye mwenyewe hana siku nyingi, akaenda nyumbani kuwagawia majirani vyombo. Presha imeshushwa, anaendelea vizuri. Sufuria hazijarudi. Mchumba kamshika mama yake mkono, kampitisha mbali nami.

Mwalimu kaniuliza kama nilizungumza na mgonjwa hata mmoja. Nikamjibu kwamba takwimu zangu zilikuwa nzuri mno kuhitaji mazungumzo. Akafunika kalamu yake taratibu.

Jumamosi, 9 Machi
Kiranja kafaulu. Sabuni yake inapelekwa wodi zote. Mimi narudia. Harusi imesogezwa mbele, na mama mkwe ameagiza kwamba hata siku hiyo ikifika, salamu zangu azipokee kwa mbali.

Nimetafakari bila jazba. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ni wagonjwa, wanainuka ovyo wakishaguswa. Kwa hiyo Jumatatu naanza mzunguko wa pili: nikishamaliza benchi, mlango nautia komeo. Sijamwambia mtu, maana wataanza kunishauri.

Mchumba hapokei simu. Bila shaka anasubiri matokeo.