Mnunuzi wa Nyumba Yangu Atakuwa Mke Wangu Mkubwa

Walter Ochieng,
Kisiwa cha Mfangano.
Tarehe 20 Juni.

Kwa Meneja,
Nyavu Bora Sacco,
Homa Bay Mjini.

Bwana Abdirahim,

KUH: MALALAMIKO JUU YA MNADA WA NYUMBA YANGU, NA ONYO LA KIRAFIKI KWA MNUNUZI

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea tafadhali keti, maana nina mambo mazito.

Mimi ni mwanachama wenu wa miaka kumi na moja. Nina mashua ya omena, mke mmoja aitwaye Trizah, na nyumba moja ya vyumba vitatu ambayo niliiweka rehani kwenu nilipokopa pesa za mashua. Mkopo sina ugomvi nao. Lakini unajua kwamba kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Naambiwa mwaka huu wanazaana vizuri sana. Aliyekauka ni mimi. Akiba yangu ya kuvukia miezi hiyo ililiwa na injini iliyoharibika Machi, kwa hiyo tangu Aprili sijaleta kitu. Wiki jana dalali wenu akabandika tangazo mlangoni pangu kwamba nyumba itapigwa mnada tarehe kumi na saba Julai, wiki mbili kabla ya ziwa kufunguliwa. Wiki mbili tu, jamani!

Wewe ulizaliwa Garissa, kwa hiyo sikulaumu kwa kutojua yafuatayo.

1. Boma la Mjaluo halifunguliwi ovyo. Siku ya kuhamia hapa nilibeba jogoo, mwanangu wa kwanza Levi akabeba shoka, na Trizah akabeba moto kutoka kwa mama yangu. Dalali wenu alikuja na gundi peke yake. Hata kifaranga hakuwa nacho.

2. Katika boma letu, nyumba inayotazamana na lango ni ya mke mkubwa. Sikulitunga mimi jambo hili, nimelikuta. Kwa hiyo atakayeinunua nyumba hiyo, awe mwanamume, mjane au kampuni ya simiti, ataingia humo kama mke wangu mkubwa.

3. Jumatatu alikuja Bwana Gordon, muuza mabati wa Ndhiwa, kupima madirisha. Ni mtu mzima mwenye ndevu na wajukuu. Nilimkaribisha kwa heshima, nikamweleza cheo kinachomngoja, nikamwonyesha na jiko. Aliondoka haraka hata akasahau futi yake ya kupimia. Naomba mmwambie nimemtunzia.

4. Wanunuzi wakikosekana, najua Sacco itaichukua nyumba yenyewe. Hapo mke mkubwa atakuwa Sacco. Naomba bodi ijiandae. Msimu wa kupanda ukifika, mke mkubwa ndiye wa kwanza kutia mbegu ardhini, na wengine wote humsubiri. Mkichelewa kwa sababu ya mkutano mkuu wa mwaka, boma zima litalala njaa. Pia bodi yenu ina watu tisa, na kitanda changu ni cha futi nne kwa sita. Sijui mtapangana vipi.

5. Trizah amekuwa mke wangu wa pekee kwa miaka kumi na tisa. Sasa atashushwa awe mke mdogo, chini ya mke mwenza mwenye tawi Migori. Nilipomweleza hili alichukua ndoo akaenda kuchota maji ilhali pipa lilikuwa limejaa. Mwanamke huyo ameumia.

6. Nikifa, mke wangu mkubwa atarithiwa na mdogo wangu Cephas. Mlishamnyima Cephas mkopo mara mbili. Anasema hana kinyongo, yuko tayari kuirithi Sacco yote pamoja na tawi la Migori, na amekwishanunua viatu vya harusi.

Tuache utani kidogo, Bwana Abdirahim. Naipenda nyumba hii. Kitinda mimba wetu, Benta, alijifunza kutembea akishikilia kuta zake, na alama za vidole vyake vyenye matope zipo hadi leo kwa sababu nilikataa zipakwe rangi. Naomba tu mnivumilie hadi Septemba. Agosti ziwa likifunguliwa, nitakuwa wa kwanza kuingia majini na wa kwanza kupanga foleni kwenu.

Nisalimie karani wako Shamima, mlinzi Omwenga anayetuwekea viti kivulini, na familia yako yote. Cephas naye anawasalimu, kwa upendo wa pekee.

Mimi wenu mtiifu, na kama mambo hayatabadilika, mume wenu mtarajiwa,

Walter Ochieng.

N.B. Trizah ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Anataka nikiri kwamba mwaka juzi tulilihamisha lango ili pikapu ya omena iweze kuingia, na sasa linatazamana na choo. Kwa hoja zangu mwenyewe, basi, mke wangu mkubwa ni choo.

Pili, karatasi hizi nimezitoa kwenye bahasha zenu, ambazo tangu Aprili niliogopa kuzifungua. Leo nimezifungua kwa kukosa mahali pa kuandika. Trizah amezigeuza. Nyuma kuna fomu ya kuahirisha malipo hadi ziwa lifunguliwe, mliyowatumia wanachama wote wenye mashua, na kumbe mnada husimama ikipokelewa kabla ya mwisho wa Juni. Ina maswali manne. Ameijaza chai ikichemka, nami nimetia sahihi.

Kwa hiyo tafadhali soma upande wa nyuma kwanza, na huu ukipata nafasi. Trizah anakuletea mwenyewe kesho kwa boti ya asubuhi. Haniamini tena na bahasha.