Vipigo Tisa vya Mrushaji wa Okolona

Jumatatu, 11 Agosti

Shajara mpendwa, nakusalimu katika jina la Bwana. U mzima? Na wa kwako wote wazima? Sisi huku Okolona, mtaa wa Louisville, Amerika, tunamshukuru Mungu. Nisamehe nikikuandikia kama barua. Katika kambi ya wakimbizi kule Tanzania nilisoma mpaka darasa la saba, na maandishi niliyofundishwa kuanza ni barua tu.

Habari yenyewe. Mimi Jovini ni mrushaji wa timu ya besiboli ya kanisa letu hapa Louisville. Mrushaji ndiye anayesimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja na kumtupia mpira mwenye gongo. Kazi ya heshima. Mkono ninao: utotoni nililinda mahindi kwa mawe, tumbili walinijua. Shida ni sheria moja ya mchezo huu. Timu nzima ikishindwa, kipigo kinaandikwa kwa jina la mrushaji peke yake! Mchezaji mwenzangu Ezéchias akidondosha mpira kama aliyeshikishwa kiazi cha moto, kipigo ni cha Jovini. Msimu huu ninavyo tisa. Katika ligi yetu ya makanisa matatu, Louisville, Columbus na Buffalo, hakuna aliyenifikia. Kagabo wa Columbus anavyo vinane.

Leo kazini, ghalani, shemasi Sebineza, kocha wetu, alinivuta nyuma ya maboksi. Akasema kwa Kifaransa chake, bon, yaani haya, tarehe 23 kule Buffalo atarusha Yonasi. Hawezi kufunga msimu na mtu mwenye vipigo vingi kuliko wote. Nikamweleza nilivyosikia kwa Mmarekani wa zamu yetu: zamani katika nchi hii walikuwepo warushaji walioshindwa zaidi ya mara arobaini kwa msimu mmoja, na bado wakapewa mpira tena. Sebineza akasema hao hawakuwa na kocha kama yeye.

Yonasi! Kijana ambaye hata kamba za viatu hafungi. Na mama yangu Kostansia yuko Buffalo, kwa dada yangu kule mtaa wa Lower West Side. Miaka sita hajaniona. Ameshawaambia akina mama wa maombi kwamba mwanawe ndiye anayesimama juu ya kichuguu. Lazima nisimame.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefunuliwa. Mtu akifiwa, tunachanga. Akioa, tunachanga. Gari likimfia barabarani, tunachanga. Kwa nini basi mtu mmoja abebe vipigo tisa?

Baada ya ibada ya jioni nikasimama mbele nikaeleza hitaji langu. Kisha mama Bamurange, ambaye hajawahi kushika gongo, akainuka akasema atachukua kile cha Juni, tulichopigwa Columbus mvua ikinyesha. Akapigiwa vigelegele. Ezéchias akachukua viwili, maana mchango wa harusi ya mwezi jana ulimpita. Kwaya wakachukua vinne kwa pamoja. Mke wangu Florida akachukua kimoja, akiniangalia kwa jicho ambalo maelezo yake yalinisubiri nyumbani. Nikabaki na kimoja, kwa unyenyekevu.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimempigia Vestine, katibu wa ligi, yuko Buffalo. Akasema katika besiboli jambo hili hajalisikia, ila kanisani amelisikia. Akaandika. Kwa hiyo mwenye vipigo vingi sasa ni Kagabo!

Nikampelekea Sebineza habari hiyo. Akasema, donc, haya basi, Jovini arushe.

Nimemwombea Kagabo. Sala fupi.

Jumanne, 19 Agosti

Nimekwisha.

Tangazo limetoka Buffalo. Siku ya kufunga, mrushaji mwenye vipigo vingi kuliko wote atatunukiwa mbele ya makanisa yote matatu. Wazee wanasema hivi: ili mtu ashindwe mara nyingi namna hiyo, ni lazima awe alifika, akaaminiwa mpira, akapigwa, na Jumamosi iliyofuata akafika tena. Mtu wa hivyo ni nguzo. Atavishwa vazi la kitenge na kuombewa na mama mwenye umri mkubwa kuliko wote katika kanisa la Buffalo.

Mama huyo ni mama yangu. Atamvisha Kagabo.

Jumatano, 20 Agosti

Nimepita kukusanya vipigo vyangu. Nilijua watafurahi kupunguziwa.

Bamurange amekataa. Kipigo chake ameshampigia simu dada yake wa Whitehall, kule Columbus, kumsimulia, na wajukuu wamemchorea picha akiwa kwenye mvua. Akaniuliza tangu lini sadaka inarudishwa mfukoni. Ezéchias amesema viwili vyake vimemfanya atajwe katika maombi kila siku, jambo ambalo halijamtokea tangu ahamie Amerika. Kwaya wamesema watakaa kikao. Kikao ni Septemba. Florida kanirudishia chake bila neno. Florida bila neno! Ningefurahi zaidi kama angenigombeza.

Ninavyo viwili. Kagabo vinane. Sijakata tamaa, Mungu ni mwema.

Alhamisi, 21 Agosti

Mpango mpya, na ni mzuri kuliko wa kwanza. Nimempigia Kagabo mwenyewe. Nikamsalimia kwa upole, nikamuulizia watoto, nikamwambia nimesikia mzigo wake ni mzito, na mimi kama ndugu katika Kristo niko tayari kumpokea vipigo sita, hata saba.

Akasema: "Ndugu Jovini, hivi nilivipata nikiwa nimesimama. Nikikupa, mimi nitabaki na nini?"

Kiburi. Nimemwombea tena.

Jumamosi, 23 Agosti, Buffalo

Mama alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Amekuwa mdogo. Au mimi ndiye nimenenepa.

Walimwita Kagabo. Akainama ili mama amfikie. Kitenge cha kijani, kizuri, ila kilimpwaya mtu wa watu, kikamfika chini ya magoti kama shuka la hospitali. Mama akaweka mikono kichwani pake akaomba kwa muda mrefu, kama anavyoombea mtoto wake. Ningetazama pengine, lakini uwanja wote ulikuwa unatazama huko huko.

Kisha tukacheza. Nilirusha vizuri sana, nasema kweli. Tulishindwa. Kipigo cha tatu.

Baadaye mama akanikalisha kwenye benchi, akanifunulia mihogo na maharage, akaniuliza vipigo vyangu tisa viko wapi. Nikashtuka. Nikamuuliza nani alimwambia ni tisa. Akasema Florida alikuwa akimpigia simu kila Jumamosi baada ya mchezo, na yeye akakiombea kila kimoja.

Nikasema nimevigawa.

Akaniangalia nikila. Akasema, "Kitenge nilikinunua mimi. Na wazo nililipeleka mimi kwa wazee. Kimeshonwa kwa mwili wako."

Nikayafunika maharage.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimerudi Okolona. Jana njiani nilipanda gari moja na Sebineza, na kutoka Buffalo mpaka Columbus yeye alisikiliza kwaya kwenye redio. Nafasi nzuri ya kutafakari. Nimetafakari, na kosa nimeliona.

Kosa langu lilikuwa moja tu: nilichangisha. Nilipaswa kuazima! Mwakani kila atakayechukua kipigo changu atakichukua kwa mkopo, mbele ya mashahidi wawili, na kukirudisha wiki moja kabla ya kutunukiwa. Nimeshamwomba Sebineza nirushe pia kwenye timu ya vijana, ili nifikishe kumi na tano mapema. Hajajibu, lakini hakukataa. Na Vestine nimemwandikia kuuliza kama kitenge kile kinaweza kubadilishwa kimyakimya, maana Kagabo mwenyewe anaona kinampwaya.

Mpango huu hauna tundu. Nimeutazama pande zote.

Wewe je, shajara, unauonaje? Tafadhali nijibu upesi.