Nilivyokwenda Kuposa na Sumaku

Leo nimeumbuka, jamaa zangu. Nimeumbuka mbele ya wakwe, mchana kweupe, kwa kitu nilichokibeba mwenyewe mfukoni.

Mnaujua ulimi wangu. Hapa Nachingwea, kwenye karakana ya shamba la karanga, kazi yangu ni kumshikia fundi umeme ngazi. Kule Likunja, kijijini kwa binti ninayemposa, nimejitangaza kuwa fundi ni mimi. (Ngazi nayo inahitaji akili.) Wenzangu hutuma mshenga wakitaka kuposa. Mimi nikajituma mwenyewe, eti mshenga hajui umeme.

Somoe nampenda, hilo msilicheke. Lakini mwenye kauli ni mjomba wake, Mzee Chilumba. Na kwa kuwa kwao mume ndiye anayehamia kwa mke, mjomba anataka kujua anapokea mtu wa kazi gani. Nikaona dawa yake ni sumaku. Niliiokota kwenye spika mbovu ya redio, nyeusi, nzito, ya mviringo.

Nikafika kwa baiskeli ya kuazima. Nikamwaga sindano kwenye ungo, nikapitisha sumaku chini yake. Sindano zikasimama, zikakimbia huku na huku. Watu wakashangaa. Hata mama yake Somoe, ambaye kwa adabu ya ukwe hawezi kukaa nami, akachungulia mlangoni. Hapo ningefunga mdomo, ninywe uji, nioe.

"Kitu gani hicho?" mjomba akauliza.

"Chuma, mjomba. Na chuma hupitisha umeme. Taa isipowaka, usinipe mke."

(Nani aliniuliza habari ya taa?)

Nikatoa betri, nyaya na glopu ya tochi. Waya mmoja huku, mwingine kule, sumaku katikati. Wapi! Nikaikwangua. Wapi. Nikasema betri imechoka. Mjomba akavuta jembe lake pale ukutani.

"Hebu gusisha hapa."

Nikagusisha. Taa ikawaka.

Mtu mwenye haya angeishia hapo. Mimi nikaigonga sumaku kwenye jiwe, wasikie inavyolia kama chuma. Ikapasuka vipande.

Mjomba akaokota kimoja. "Baba, chuma gani hiki kinavunjika kama chungu?"

Sauti ya mama mkwe ikatoka mlangoni: "Muulizeni kama na huo ufundi wake nao hauvunjiki."

Somoe, nyuma ya mama yake, akacheka mpaka akakaa chini. Hicho ndicho kilichoniuma.

"Mke hatujakunyima," mjomba akasema. "Ila taa haikuwaka kwa kitu chako, imewaka kwa jembe letu. Mvua zikianza njoo ulishike, tukuone."

Nimerudi karakanani, nimemweleza fundi mwenyewe. Kacheka kwanza. Halafu kasema sumaku ile si chuma kitupu, ni unga wa kutu ya chuma uliochomwa tanurini. Chembe za umeme zimo ndani, lakini kila moja imeng'ang'ania mahali pake, haisafiri. Inajizungusha papo hapo, na kwa kuwa nyingi huelekea upande mmoja, zinavuta sindano. Lakini kuwasha taa haziwezi.

"Si nilikueleza siku ile tunaifungua spika?" kaniuliza. "Ukawa unaitikia ndiyo, ndiyo."

Jamani, tangu nipate mshahara nimekuwa nikiwadharau wenye majembe, na sasa mke wangu yuko mwishoni mwa mpini. Naombeni msinicheke. Anayejua kulima aje anifundishe, na asimwambie mtu wa Likunja.