Kiti Kinachomrusha Binti Yangu

Nkololo, Bariadi

Kwa Ndugu Athanasi, Mhandisi wa Viti, Mradi wa Ndege ya Majaribio.

Mwangaluka. Mimi ni mzee Mboje, mkulima wa pamba, baba yake Milembe, huyo rubani ambaye wiki ijayo mtamketisha katika ndege ambayo bado hakuna binadamu aliyeijaribu. Alipokuja likizo alitueleza kiti chako: ndege ikiharibika anavuta mpini, baruti inalipuka chini yake, anatupwa nje, kisha anashuka kwa mwavuli. Hongera kwa usomi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sisi Wasukuma mgeni akifika tunampa kiti akae. Wewe umesomeshwa hadi ukaunda kiti cha kumfukuza aliyekikalia. Tena kwa baruti! Hata mkwe mkorofi hatujamfanyia hivyo.

2. Huku mchungaji akiwakimbia ng'ombe kwa kuwa ameona fisi, haulizwi habari za fisi. Anachapwa. Dereva akiruka dirishani na kuwaacha abiria, anatafutwa na polisi mkoa mzima. Ninyi mtu akikimbia mali ya watu mnampa na mwavuli.

3. Huo mwavuli nao! Eti kule juu hewa ni nyepesi na baridi inaua, ukifunguka mapema ataganda huko huko akining'inia. Basi kiti kimefundishwa kusubiri. Mtoto wa watu anaporomoka kutoka mbinguni, hewa anavuta ya chupa, na kiti kinasema bado, bado kidogo. Mama yake aliposikia hayo aliacha ugali ukaungua. Mimi sikuogopa, nilitoka tu nje kuangalia ng'ombe.

4. Fundi anayekujengea nyumba akakuonyesha na pa kukimbilia ukuta ukianguka, huyo ukuta wake anaujua. Naomba rasmi: kiti king'olewe, kifungwe kigoda cha mninga, nitachonga mwenyewe. Kisha wahandisi wote mpande naye, kila mmoja na kigoda chake. Naapa haitalegea hata skrubu moja. Tukishinda hapo, tutaomba mabasi yote ya Simiyu yang'olewe breki, maana breki nazo ni woga.

Ukoo mzima unaunga mkono barua hii, isipokuwa mama Milembe, ambaye hasemi na mimi tangu nilipoishika kalamu.

Wasalimie wahandisi wenzako, wake zao, na hasa huyo anayekaza skrubu. Sisi hatujambo, pamba imeanza kupasuka.

Ni mimi, nisiyekubaliana nawe kwa heshima zote,
Mboje, baba wa rubani.

NB: Kiti usikiguse. Achana na habari za vigoda. Baruti iwe kavu, mikanda ikaguliwe na mtu aliyelala vizuri. Ndege ni mabati, mtaunda nyingine. Namjua Milembe kwa ubishi, atang'ang'ania kuiokoa. Tafadhali mwambie baba yake kasema akimbie.