Chokaa Katika Mahindi ya Anselimo

Jumatatu, 5 Machi 1956
Jumamosi Chama cha Wasomaji wa Chumbageni kinachagua mwenyekiti. Miaka sita nakitamani kiti hicho! Mpinzani wangu ni Zebedayo, karani wa forodhani, aliyesoma kitabu kimoja na hakukimaliza. Silaha yake si hoja. Ni hoteli! Kila jioni anawakusanya wapiga kura kwa Anselimo, yule mpishi Msalvador aliyeshuka kwenye meli ya mkonge, akamwoa Bibiana na kufungua hoteli mtaani kwetu. Huko wanakula pupusa: mkate wa mahindi wa duara, maharage tumboni, achari ya kabeji juu. Mimi sitii mguu. Msimamo!

Jumanne, 6 Machi
Nimetia mguu. Kwa upelelezi tu. Nimekula nne. Adui hodari.
Zebedayo kaniuliza mbele ya watu kama nimekuja kumuunga mkono. Nikamwambia nimekuja kumzika. Mdomo ulijaa maharage, hakuna aliyeelewa. Wakanipigia makofi.

Alhamisi, 8 Machi
Nimewapata! Alfajiri nilipanda sanduku la chai nyuma ya jiko, nikachungulia dirishani. Anselimo akachota chokaa, akaitia kwenye sufuria ya mahindi. Chokaa! Ya kupaka kuta!
Bibiana akageuka, akaniona. Hakupiga kelele. Aliniamkia shikamoo, akaniuliza habari za nyumbani. Nikaitikia marahaba, nikasema nyumbani wazima. Akaniomba nisichungulie tena dirishani. Sanduku likavunjika. Goti limevimba.
Hotuba tayari, kurasa kumi na moja: "Tunalishwa Nyumba". Tambuu tano nimetafuna nikiiandika. Bila tambuu kalamu yangu haitembei.

Jumamosi, 10 Machi
Nilisimama. Nilinguruma. Niliwataja Wayunani, Waajemi, na wafalme wote waliouawa mezani. Nikauliza: kuna mwenye akili timamu anayeweza kutia chokaa kinywani mwake? Nikajua wamekwisha. Nikapumzika kidogo, ili maneno yazame. Nikafungua kijaluba changu, nikapaka jani la tambuu, nikalitia mdomoni.
Kicheko kilianzia safu ya nyuma. Bibiana, aliyeleta chakula cha wajumbe, akaniuliza kwa adabu kubwa: Bwana Miraji, hicho unachopaka kwa kidole ni nini? Nikatazama kidole. Cheupe kwa chokaa ya tambuu! Akaendelea: kwao mumewe, mahindi huchemshwa na chokaa kidogo ili maganda yatoke, kisha huoshwa mara tatu. Je, hilo jani langu nalo huoshwa? Sabiha, mke wangu, alicheka mpaka mtandio ukamdondoka.
Zebedayo kura ishirini na nane. Mimi moja, niliyojipigia. Hata Msafiri, rafiki yangu tangu chuoni, alinyoosha mkono upande wa pili huku mkono mwingine umeshika pupusa.

Jumapili, 11 Machi
Nimetafakari usiku kucha. Kosa nimeliona: nililaumu mahindi, na mwenye hatia ni kabeji! Ile siki ya achari ndiyo inayowalegeza akili wapiga kura. Mwakani nitawasomea "Siki na Kuanguka kwa Dola". Kurasa ishirini.
Ila ushahidi unatakiwa. Bibiana kanikataza dirisha, mlango hakuutaja. Nimeazima kanzu ya shemeji na miwani myeusi. Naingia kama mgeni kutoka Pangani.

Saa kumi na mbili jioni. Nimerudi. Nimekula sita. Bibiana alinipokea mlangoni: shikamoo Bwana Miraji, goti linaendeleaje?
Nina hakika hakunitambua.