Siku Mkurugenzi Alipozindua Ufutaji

Ijulikane kwa wananchi wote wa Garissa, wenye mifugo na wasio nayo, kwamba tangu Jumatatu ile haki ilianza kutawala ndani ya seva. Aliyetangaza ni Mkurugenzi Guleid wa Idara ya Malisho, akiwa amesimama uani mbele ya viti sitini vya plastiki na watu kumi na mmoja.

Seva yenyewe ni kasha jeusi la chumba cha nyuma, linalotunza kumbukumbu zote za idara. Mlezi wake ni Weris. Mlezi si neno la bure: feni ya chumba kile ilipoharibika, Weris alileta ya nyumbani kwake, akasema watoto wamezoea joto.

Kwa mujibu wa Waraka Namba Tatu, kila mtu alipewa mgao wa nafasi kulingana na uzito wa cheo. Mkurugenzi, ambaye hotuba zake hurekodiwa kwa kamera mbili ili wageni wa upande wa kushoto wasijihisi wamebaguliwa, alipata gigabaiti mia sita. Madaktari wa mifugo walipata tano, washirikiane. Orodha ya Kotile ilipata moja, kwa huruma.

Orodha hiyo ilikuwa na majina na picha za kaya mia nne na kumi na mbili za kijiji cha Kotile, zilizobakiwa baada ya ukame na mifugo ya kuhesabika kwa vidole. Weris aliikusanya mwenyewe kwa wiki tatu, boma kwa boma. Mjane mmoja, Khadijo, alimkamulia maziwa ya mbuzi wake wa mwisho, kisha akasema yeye hana kiu. Alhamisi malori ya nyasi na maji yangeondoka kwenda huko. Bila orodha, dereva hapakii hata tita moja.

Shida ilianza Weris alipopeleka ripoti ya matumizi. Mkurugenzi akaona kila kitu kimehifadhiwa mara tatu: ndani ya seva, kwenye droo ya nakala ndani ya seva hiyo hiyo, na Habaswein, ambako Weris hutuma nakala kila Ijumaa kwenye mashine ya Jillo, karani wa kituo kidogo. Akaunda Kamati ya Kuondoa Marudio. Kamati ilikutana mara tano siku hiyo moja kujadili jambo lile lile, ikakubaliana mara tano.

Weris alimwendea Mkurugenzi na kikombe cha chai, akamwuliza taratibu ngamia wake wako wapi siku hizi.

"Nusu wako Ijara, nusu wako Banissa kwa abti Dagane, kaka yake mama."

"Kwa nini usiwaweke pamoja?"

Mkurugenzi alimtazama kwa masikitiko. "Walaal, ndugu yangu, wewe ni mtoto wa mfugaji kweli? Ukame ukipiga huku, si nitabaki na fimbo tu?"

Weris akamngoja afike mwenyewe kwenye nakala. Mkurugenzi akanywa chai yote, asifike.

"Ngamia ni mali," alisema mwishowe. "Hizi ni karatasi, tena karatasi zenyewe hazipo."

Ikaamuliwa hivi: nakala za Garissa zifutwe kwa sherehe, na za Habaswein zifutwe kwa barua, kwani Waraka Namba Tatu unakataza maagizo ya simu. Simu haina muhuri. Barua ikaandikwa siku ile ile, ila mtunza muhuri alikuwa harusini Mandera, ikabidi imsubiri mezani.

Jumanne utepe mwekundu ukafungwa juu ya kibodi. Mkurugenzi akaukata pamoja na waya wa kipanya. Weris akasema haidhuru, kazi hii haihitaji kipanya. Mkurugenzi akaketi mbele ya skrini nyeusi yenye alama moja nyeupe ikipepesa.

"Hii imekufa?"

"Hapana, mkurugenzi. Inakungoja."

Weris alimsomea amri herufi kwa herufi: kwanza neno la kufuta, kisha jina la kabati la kumbukumbu, kisha jina la droo ya nakala iliyo ndani yake. Mkurugenzi aliandika kwa kidole kimoja. Alipomaliza kabati akachoka. Kiongozi, aliwaeleza wageni, hasemi maneno marefu. Yeye huanzisha, watendaji humalizia.

"Ngoja, bado jina la droo," Weris alisema. "Ukiishia hapo..."

Mkurugenzi akabonyeza. Wageni wakapiga makofi.

"Mbona iko kimya?"

"Ikitii huwa haisemi."

Ilikuwa imetii kabisa. Ilifuta nakala, ikafuta na asili: mihtasari, hotuba za kamera zote mbili, orodha ya Kotile. Nafasi iliyookolewa ilikuwa asilimia mia moja, na kamati ikasema hakuna idara iliyowahi kufika hapo.

Mkurugenzi alipoelewa, alitaka aonyeshwe kapu la taka. Weris akamweleza kwamba skrini nyeusi haina kapu, kilichokwenda kimekwenda. Kilichobaki kiko Habaswein, na barua ya kukifuta bado inangoja muhuri.

"Alhamdulillahi," Mkurugenzi alisema. "Rudisha hotuba kwanza. Kwa cheo, mia sita hutangulia moja."

Mtandao wa Habaswein ulitembea kama mbuzi mgonjwa. Hotuba zingechukua siku kumi na tisa. Orodha, chini ya saa moja. Weris hakubishana na mtu mzima. Aliandika amri mbele ya macho yake, na Mkurugenzi, asiyejua kuisoma, akaitikia kwa kichwa. Kufikia alasiri orodha ya Kotile ilikuwa imechapishwa: moja ya dereva, moja ya chifu, moja mkobani mwa Weris. Hapo ndipo hotuba zikaanza kurudi.

Jumatano mtunza muhuri alirudi kutoka harusini. Kwa kuwa ni mtu wa bidii, aligonga muhuri kila alichokikuta mezani kabla ya kuketi, akaipeleka barua kwenye basi la Habaswein.

Alhamisi malori yalishika njia ya Kotile yakiwa yamejaa. Asubuhi hiyo hiyo Mkurugenzi alisikia habari ya muhuri, akampigia Jillo.

"Jillo, barua yangu ikifika, usiifanyie kazi."

"Hilo ni agizo, mkurugenzi?"

"Ni agizo."

"Kwa simu?"

Mkurugenzi akaukumbuka Waraka Namba Tatu.

"Halafu nimeshafuta tangu saa mbili," Jillo akaendelea kwa adabu. "Barua ilisema mara moja."

Hotuba zilizokuwa zimefika Garissa ni robo ya moja, sehemu ya kuwasalimu wageni. Mkurugenzi akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa, kama huko Habaswein kumebaki chochote chake.

Jillo akaenda kutazama, akarudi kwenye simu.

"Ipo barua yako, mkurugenzi. Imekuja nakala tatu. Nichane mbili?"